"Damage" au "damages": herufi moja, mambo mawili

Darasani tulifundishwa kwamba ukiongeza s mwishoni mwa neno la Kiingereza umepata wingi. Kwa hiyo mtu akiona gari limebonyea mlango, limevunjika taa na limepasuka kioo, anahesabu sehemu tatu zilizoumia na kuandika kwenye barua pepe kwamba gari lina "damages". Aliye gereji atamwelewa. Wakili wa upande wa pili naye atamwelewa, ila kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu kwake "damages" ni pesa.

Haya maneno mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kilatini, "damnum", yaliyopitia Kifaransa cha kale hadi Kiingereza, lakini yamegawana kazi. "Damage" ni uharibifu wenyewe: bati lililong'oka, figo iliyofeli, jina lililochafuka, ufukwe uliomwagikiwa mafuta. "Damages" ni fedha ambazo mtu aliyevunja haki ya mwenzake anaamriwa na mahakama kulipa, au ambazo pande mbili zilikwisha kuzipangia kiwango kwenye mkataba. La kwanza unaweza kulipiga picha. La pili utalikuta kwenye hukumu, kwenye hati ya madai na kwenye hundi.

Anayeandika kwa haraka anaweza kuchagua kwa kuangalia kitenzi anachotaka kukitumia. Moto, mvua, dereva mzembe "causes damage" au "does damage". Nyumba "suffers damage" au "sustains damage". Fundi "repairs the damage". Hakuna fundi duniani anayetengeneza "damages". Upande wa pili, mdai "claims damages" au "seeks damages", jaji "assesses" kisha "awards damages", aliyeshindwa "pays damages", na aliyeshinda "recovers damages", maana yake amezipata mkononi. Kihusishi nacho kinasaidia: ni "damage to the bumper" lakini "damages for defamation". Ukijikuta unataka kuandika "to", acha s. Ukijikuta unataka kuandika "for", iweke.

Sarufi yake haina mengi. "Damage" haihesabiki, ni kama maji, kwa hiyo husemi "a damage" wala "many damages". Unasema "a lot of damage", "some damage", "extensive damage", na kitenzi chake kinakaa katika umoja hata kama ni mji mzima umebomoka. "Damages" daima iko katika wingi, hata kama ni senti moja: "damages were awarded". Kuna pia "What's the damage?", ambayo Waingereza huulizana kwa utani bili inapoletwa mezani, na Nairobi imekuwa "damage ni ngapi?". Hapo "damage" inabeba maana ya pesa bila s yoyote. Ni mzaha, na mzaha huo hauingii kwenye barua ya madai.

Sasa, kama tofauti ingekuwa ni hiyo tu, kamusi ingetosha. Kinachowakwaza watu ni kudhani kwamba kimoja lazima kimlete mwenzake, yaani pakiwa na "damage" basi "damages" zinafuata, na aliyelipwa "damages" lazima alipata "damage". Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliirithi kwa sehemu kubwa, imekataa hilo kwa karne nyingi, tena kwa kesi ambazo mtu akishazisikia hazisahau.

Mwaka 1410, huko Gloucester nchini Uingereza, walimu wa shule moja ya sarufi walimshtaki mwenzao aliyefungua shule nyingine mjini humo. Wanafunzi walihamia kwake, na walimu wa zamani wakalazimika kushusha ada kutoka peni 40 hadi peni 12. Hasara ilikuwa dhahiri. Mtu yeyote mwenye duka ambaye jirani yake amefungua duka la pili la bidhaa zilezile anaijua. Lakini mahakama iliona kwamba kufungua shule si kosa, na kushindana si kuvunja haki ya mtu. Walimu wale walikuwa na "damage" ya kutosha na hawakupata "damages" hata peni. Mawakili hadi leo huita hali hii kwa Kilatini "damnum sine injuria": hasara isiyo na uvunjaji wa haki.

Kesi ya pili ndiyo kinyume chake, nayo ni ya mwaka 1703. Matthew Ashby, mshona viatu wa Aylesbury, alifika kupiga kura ya ubunge na msimamizi, William White, akamkatalia. Mgombea ambaye Ashby alitaka kumpigia alishinda hata hivyo. Ukiuliza amepoteza nini, jibu ni: hakuna. Mfuko wake uko vilevile, mbunge wake ameingia bungeni. Majaji wengi wa Mahakama ya Malkia (Queen's Bench) walimnyima, lakini Jaji Mkuu John Holt alisimama peke yake akisema kwamba haki ikivunjwa lazima iwe na dawa, na Baraza la Malodi likaafiki msimamo wake. Ashby akapata "damages" bila "damage". Kwa Kilatini, "injuria sine damno".

Ukiziweka kesi hizo mbili bega kwa bega unaona mwenye funguo ni nani. Hasara peke yake haifungui mlango wa fidia. Kinachoufungua ni haki iliyovunjwa. Ndiyo maana mkulima ambaye mvua ya mawe imempiga shamba ana "damage" kubwa na hana wa kumdai, na mwanamuziki ambaye wimbo wake umetumika kwenye tangazo bila ruhusa anaweza kudai "damages" hata kama tangazo lilimwongezea wasikilizaji.

Fidia hizo za heshima, zinazotolewa ili kusema tu kwamba umeonewa, zina historia yenye vichekesho vyake. Mwaka 1878 mchoraji James Whistler alimshtaki mhakiki John Ruskin, aliyeandika kwamba Whistler anaomba gini mia mbili, fedha ya zamani ya Uingereza, kwa kuutupia umma kopo la rangi usoni. Whistler alishinda. Juri ikampa "damages" za farthingi moja, yaani robo ya peni, na jaji hakumpa gharama za kesi. Mwaka uliofuata alifilisika. Mwaka 2017 huko Denver, Taylor Swift alidai dola 1 tu katika kesi yake dhidi ya mtangazaji wa redio aliyemshika mwilini bila ridhaa, akaipata, na kwake ilikuwa ushindi kamili kwa sababu hiyo dola 1 ndiyo aliyoifuata. Kiasi kidogo cha "damages" kinaweza kuwa tusi au kinaweza kuwa bendera. Inategemea mdai aliomba nini.

Turudi nyumbani, kwenye barabara zetu. Abiria wa bodaboda anagongwa na lori, anavunjika mguu. Pikipiki nayo imepinda fremu. Kwenye karatasi ya trafiki na kwenye ripoti ya mkaguzi wa magari kutakuwa na "damage" ya pikipiki. Kwa mguu, Kiingereza kwa kawaida kitasema "injury". "Damage" kwa mwili wa mtu hutumika zaidi kwa viungo na neva, kama "brain damage" au "nerve damage", na si kwa mtu mzima. Ukiandika "the passenger was damaged" umemfanya abiria kuwa mzigo.

Kisha inakuja kesi, na hapo "damages" zinagawanyika mara mbili. Kuna "special damages", fidia mahsusi, ambayo ni fedha zilizokwisha kutoka na zinaweza kuhesabiwa: hospitali, dawa, nauli ya kwenda kliniki, gharama ya kutengeneza pikipiki, kipato cha siku ambazo hakufanya kazi. Kuna "general damages", fidia ya jumla, ambayo ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, na hiyo haina risiti. Jaji anaikadiria kwa kuangalia kesi zinazofanana.

Kwenye fidia mahsusi mahakama zetu ni kali. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mwaka 1985 kwamba lazima idaiwe waziwazi kwenye hati ya madai na pia ithibitishwe barabara, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema neno kama hilo mwaka 1992, tena ikiongeza kwamba jambo hilo halihitaji hata kutajiwa kesi ya kuliunga mkono. Kwa lugha ya mtaani: leta risiti. Mtu ana pikipiki imepondeka mbele ya macho ya kila mtu, "damage" haibishaniwi, lakini fundi wa chini ya mwembe hakumpa karatasi, na gharama za matibabu zimeandikwa kwa mkono nyuma ya boksi la dawa. Uharibifu umethibitika, fidia yake mahsusi imeanguka. Kwa hiyo anayegongwa leo Dodoma aanze na fomu ya polisi ya PF3, na wa Nakuru na fomu ya P3, kisha kila shilingi aichukulie risiti, na ya mashine ya kodi (EFD) ikiwezekana. Picha za simu zinathibitisha "damage". Hazithibitishi ulilipa kiasi gani.

Kuna aina ya tatu, "punitive damages" au "exemplary damages", ambayo haimfidii mdai bali inamwadhibu mkosaji. Marekani ndiyo maarufu kwa hizi. Kwenye kesi ya kahawa ya moto ya McDonald's, mwaka 1994 huko Albuquerque, juri ilimpa mama aliyeungua dola 160,000 za kumfidia baada ya kukata asilimia 20 kwa uzembe wake mwenyewe, na dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Jaji akazipunguza hizo za adhabu hadi 480,000, na mwisho pande mbili zikamalizana faraghani. Watu wengi wanaikumbuka ile milioni 2.7 na kudhani ndiyo bei ya "damage" ya kahawa. Uharibifu wa ngozi yake ulikuwa kwenye zile 160,000. Zilizobaki zilikuwa ujumbe kwa kampuni. Mahakama za Uingereza, na zetu zinazofuata njia hiyo, hutoa fidia ya adhabu kwa nadra, hasa pale ofisa wa serikali alipotumia mabavu au pale mkosaji alipopiga hesabu kwamba faida ya kosa itazidi fidia.

Kwenye mikataba, s ile inaanza kugharimu hata kabla chochote hakijaharibika. Mkandarasi anayejenga barabara au ghala atakuta kifungu cha "liquidated damages", ambacho kwenye vitabu vya mwaka 1999 vya mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kinaitwa "delay damages": kila siku ya kuchelewa, kiasi fulani kinakatwa, hadi kikomo kilichokubaliwa. Hapa mwenye mradi hahitaji kuonyesha kwamba kuchelewa kumemletea "damage". Kiwango kilikadiriwa siku ya kutia saini. Wakandarasi wapya husoma haraka, wanaona neno linalofanana na uharibifu, wanajiambia kwamba kazi yao ni nzuri na hawataharibu kitu. Wanachokatwa nacho baadaye ni kalenda.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina vifungu viwili vinavyofaa kusomwa polepole na yeyote anayetaka kuona maneno haya yakifanya kazi. Kifungu cha 73 kinazungumzia "loss or damage" inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba, na kinachodaiwa kwa ajili yake kinaitwa "compensation". Kifungu cha 74 kinasema kwamba kama mkataba umetaja kiasi cha kulipwa, aliyeumia anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, iwe "actual damage or loss" imethibitishwa au la. Maneno haya yametoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika kwetu wakati wa ukoloni, hata namba za vifungu zikabaki zilezile. Ona kwamba "damage" pale ni tukio, haina s, na malipo yamepewa jina lake.

Si kila hasara iliyofuata tukio italipwa, na hilo nalo linatenganisha "damage" na "damages". Mji uleule wa Gloucester ulileta kesi nyingine mwaka 1854. Kinu cha kusaga nafaka cha akina Hadley kilivunjika mtaimbo wa injini, ukapewa wasafirishaji wa kampuni ya Pickford ili upelekwe Greenwich ukatumike kama kielelezo cha kutengenezea mwingine. Mzigo ulichelewa siku kadhaa, na kinu chote kikasimama kwa kuwa hapakuwa na mtaimbo wa akiba. Wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Mahakama ilisema mvunja mkataba analipia hasara inayotokea kwa kawaida kutokana na kosa lile, au ile ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo akilini zilipokubaliana. Msafirishaji hakuambiwa kwamba kinu kizima kinamsubiri. Kwa maneno mengine, "damage" ilikwenda mbali kuliko "damages". Anayetuma spea kwa basi kutoka Dar kwenda Mbeya na kiwanda chake kimesimama angefaa kuliandika hilo kwenye waraka wa mzigo kabla basi halijaondoka.

Bima ndipo mahali ambapo mtu wa kawaida atayakuta maneno yote mawili kwenye kijitabu kimoja, kurasa mbili tatu zikiyatenganisha. Ukiwa na bima kubwa, sehemu ya kwanza itasema kampuni italipia "loss or damage" kwa gari lako. Mawakala huiita "own damage". Sehemu inayofuata itasema kampuni itakulipia "damages" utakazowajibika kisheria kuwalipa watu wengine. Bima ndogo ina hii ya pili peke yake. Kwa hiyo mwenye bima ndogo aliyegonga nguzo ana "damage" ambayo hakuna wa kumlipia, na aliyegonga Prado ya mtu ana mlipaji, ilimradi masharti yamezingatiwa na kiasi hakijavuka kikomo. Kenya, sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufariki. Mahakama ikitoa "damages" za milioni 5, zile 2 zinamtazama mwenye gari.

Sharti moja ambalo karibu kila bima inalo ni kwamba usikiri kosa bila ruhusa ya kampuni. Hapa uchaguzi wa neno unaanza kuwa na bei. Linganisha ujumbe miwili ya WhatsApp iliyotumwa jioni ya ajali. Wa kwanza: "I have seen the damage to your car and reported it to my insurer." Wa pili: "Don't worry, I will pay damages." Wa kwanza unasema gari limeumia na bima imejulishwa. Wa pili unasoma kama mtu aliyekwisha kukubali kwamba alivunja haki ya mwenzake na anawajibika. Katikati yao kuna "I will pay for the damage", yaani nitalipia matengenezo. Huu nao ni ahadi, ila angalau una mpaka: mlango, taa, kioo. "Damages" haina mpaka huo. Ndani yake wakili anaweza kuingiza siku ambazo gari halikufanya biashara, usumbufu na mengine.

Mpangaji anayehama nyumba atakutana na tatizo lilelile likiwa limegeuzwa. Mikataba mingi ya nyumba inasema amana itarudishwa "less any damages". Mwenye nyumba alitaka kusema uharibifu: bomba lililovunjika, ukuta uliochorwa. Kwa maana ya kisheria ameandika jambo pana zaidi, na anaweza kujaribu kukata humo hata kodi ya mwezi ambao nyumba ilikaa tupu. Ukiupata mkataba kabla ya kutia saini, omba liandikwe "the cost of repairing any damage beyond fair wear and tear". Hakuna mwenye nyumba mwenye nia njema atakayekataa, na sentensi hiyo inaondoa pia rangi iliyopauka na kitasa kilicholegea kwa matumizi ya kawaida.

Wasomaji wa Lubumbashi na Bukavu wana afadhali kidogo, kwa sababu Kifaransa kimeyatenganisha waziwazi: "dommage" ni madhara, "dommages-intérêts" ni fedha, na kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia ya Kongo kinaeleza kwamba tendo la mtu linalomletea mwingine "dommage" linamlazimu mwenye kosa kulirekebisha. Mkongomani anayejifunza Kiingereza achukue "dommage" aiandike "damage", na "dommages-intérêts" aiandike "damages".

Kiswahili chetu kina "uharibifu", "hasara" na "madhara" kwa upande wa kwanza, na "fidia" kwa upande wa pili. Kwa Tanzania jambo hili limekuwa la kila siku tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tatizo ni kwamba "fidia" imebeba mizigo mingi. Serikali ikichukua shamba lako kupitisha reli, unalipwa fidia, na Katiba zote mbili zinadai iwe ya haki: ibara ya 24 ya Tanzania, ibara ya 40 ya Kenya. Lakini hiyo kwa Kiingereza ni "compensation" na haiwezi kuitwa "damages", kwa sababu kuchukua ardhi kwa kufuata sheria si kosa. Kila "damages" za kumrudishia mtu alichopoteza ni aina ya "compensation". Kinyume chake si kweli. Anayetafsiri barua ya wanakijiji waliopisha mradi na kuandika kwamba wanadai "damages" amewafanya waonekane wanaishtaki serikali, wakati wao wanaomba tathmini ifanywe upya.

Na kuna fedha ambazo hazikubali jina lolote kati ya hayo. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba serikali italipa pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema serikali inajutia kwa dhati. Alisema pia kwamba inaendelea kukana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Wazee wale walikuwa na makovu ya kuonyesha, na "damage" haikuwa na ubishi. Walicholipwa kilikuwa "settlement", makubaliano nje ya mahakama. Kuita fedha zile "damages" kungekuwa kuzipa hukumu ambayo haikutolewa, na wanasheria wa London walilijua hilo walipochagua maneno.

Kama kuna mahali ambapo kukosekana kwa s kumepimwa kwa mizani ya mabilioni ni kwenye mazungumzo ya tabianchi. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza mfuko wa bima wa kuwalipa wanaopoteza nchi kwa bahari kupanda. Nchi tajiri zilikwepa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2013 mjini Warsaw likaundwa chombo chenye maneno "Loss and Damage". Mwaka 2015 Mkataba wa Paris ukalipa suala hilo ibara yake, ya 8, lakini uamuzi ulioambatana na mkataba, aya ya 51, ukasema wazi kwamba ibara hiyo haihusishi wala haiwi msingi wa uwajibikaji au fidia. Marekani ndiyo iliyolisukuma hilo kwa nguvu. Mfuko ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanza kuahidiwa fedha Dubai mwaka 2023, na jina lake linazungumzia kuitikia "Loss and Damage". Hakuna anayelipa "damages" pale. Anayechangia anachangia kwa hiari yake, anayepokea anapokea msaada, na neno la "nani alikosa" limeachwa nje ya mlango. Ukisoma habari iliyoandika "loss and damages", ujue mwandishi, labda bila kukusudia, ameandika kile ambacho Tuvalu ingependa na Washington isingetia saini.

Mitego miwili imebaki. Wa kwanza ni wa mashtaka ya jinai. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zina kosa la mtu ambaye kwa makusudi "destroys or damages any property". Hiyo s si ya fedha. Ni ya kitenzi, "he damages", anaharibu. Wa pili ni wa kashfa za mdomo, ambako sheria ya Kiingereza kwa kawaida inamtaka mdai athibitishe "special damage", bila s: hasara halisi iliyomfika, mathalani kupoteza kazi au mteja, ndipo kesi yake isimame. "Special damage" ni jambo lililomtokea; "special damages" ni hesabu ya risiti. Mwanafunzi wa sheria anayeziacha zichanganyike kwenye mtihani atasoma maoni ya mwalimu kwa wino mwekundu.

Barua ya madai iliyoandikwa vizuri huyatumia yote mawili bila kugongana: "The collision caused extensive damage to the front axle and gearbox of our client's vehicle. Our client claims special damages of TZS 4,850,000, being the cost of repairs, and general damages to be assessed by the court." Sentensi ya kwanza inasimama kwa picha na ripoti ya mkaguzi wa magari. Zile 4,850,000 zinasimama kwa risiti, na zikipungua kwa 200,000 basi na madai yapungue. Mwisho wa sentensi ya pili hauna kiambatisho chochote; hapo ni hoja za wakili na makadirio ya jaji.